Karatasi za Jikoni: Historia ya Eastlands Katika Pakiti, Mikebe na Kalenda

Ukitaka kujua wabunge walisema nini kuhusu bei ya unga mwaka wa 1980, kumbukumbu rasmi za Bunge zipo, zimejalidiwa na kupangwa kwa tarehe. Lakini ukitaka kujua familia moja ya mtaa wa Jericho ilipika nini jioni moja ya mwaka huo huo, kwa mafuta gani, na unga wake ulipimwa kwa chombo gani, itakubidi utafute vitu ambavyo hakuna aliyevitengeneza akitarajia vidumu: pakiti ya unga, kalenda ya dukani, kipeperushi cha mapishi, orodha ya bei iliyobandikwa nyuma ya kaunta, kizibo cha soda. Kwa takriban miaka mia moja vitu hivyo vimepita mikononi mwa wakazi wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Vingi viliishia kuwashia jiko. Vilivyosalia ni hazina, kwa sababu ndani yake zimo sauti tatu ambazo ni nadra kuzikuta pamoja: kampuni ikibembeleza, serikali ikiamuru, na mkazi wa mtaa akiamua mwenyewe la kufanya.

Wakati wa posho

Serikali ya kikoloni ilipoanzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, nia yake ilikuwa kuwaweka Waafrika wa Nairobi mahali pamoja panapolindika, na vijiji vyao vya awali vivunjwe. Kimoja chao, Pangani, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyeji wake wengi wakahamia Shauri Moyo. Wafanyakazi wa reli walikaa Muthurwa, na baadaye Makongeni. Mji ulimhesabu Mwafrika kuwa kibarua wa muda, mwanamume aliyeacha mke na watoto mashambani, na chakula chake kilipangwa kwa hesabu hiyo. Kilikuwa posho, yaani unga wa mahindi aliopimiwa na mwajiri kama sehemu ya ujira. Anayepimiwa posho hachagui chapa, na asiyechagua hatangaziwi.

Ndiyo maana matangazo ya chakula ya miaka hiyo yalizungumza na watu wengine. Unga Limited, kampuni iliyoanzishwa na Lord Delamere mwaka wa 1908, ilizaliwa kusaga ngano ya walowezi. Mwaka wa 1928 chama cha akina mama wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, kilitoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya nyumba za walowezi, nacho kikachapishwa tena na tena kwa miongo kadhaa. Mikono iliyochemsha na kuoka mapishi hayo ilikuwa ya wapishi Waafrika, ila kitabu kilimlenga mwenye nyumba. Mkusanyaji anayekifungua leo aanze na swali hilo: karatasi hii ilichapishwa ili isomwe na nani, na ni nani aliyefanya kazi inayoelezwa ndani yake?

Vita vikuu vya pili vilibadilisha mambo kwa njia mbili. Kwanza, serikali iliingia jikoni. Mwaka wa 1942 ilichukua usimamizi wa soko la mahindi, na ukame wa 1943 ulipoleta njaa, unga ukawa wa mgao mjini Nairobi. Wakikuyu waliita njaa hiyo Ng'aragu ya Mianga, kwa sababu ya unga wa muhogo ulioletwa kuziba pengo. Tangu hapo amri kuhusu chakula zilihitaji kuchapishwa na kubandikwa mahali watu wanapopita. Gazeti la Kiswahili la Baraza, lililoanza mwaka wa 1939, lilikuwa limekwisha kuzoesha wasomaji wa mitaani kupata habari za serikali na za biashara katika ukurasa mmoja.

Pili, meli ziliadimika, na bidhaa zilizozoea kutoka ng'ambo zikaanza kutengenezwa hapa. Madatally Manji, ambaye baadaye angeandika kumbukumbu zake kama tajiri wa biskuti, aliingia katika biashara ya kuoka mwaka wa 1941. East African Industries ilichipuka kutokana na juhudi za serikali za kuanzisha viwanda wakati huo wa vita. Viwanda hivi vilikusanyika katika Industrial Area, na ng'ambo ya reli kulikuwa na Makongeni pamoja na Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa mikono ya wafungwa wa vita wa Kiitalia miongoni mwa wengine. Ukaribu huo ulikuwa na maana kubwa. Mkazi wa Eastlands alinunua pakiti, na mara nyingi jirani yake ndiye aliyeijaza, akaifunga na kuipakia kwenye lori.

Mama wa nyumba agunduliwa

Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yalizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Msako ulipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Waafrika, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipelekwa kizuizini wakiwa na mizigo michache. Vyumba viliachwa wazi na mali ikapotea. Karatasi za familia zilipotea pia, na anayetafuta leo vitu vya jikoni vya Eastlands vya kabla ya 1954 anatafuta kile ambacho msako ulikitawanya.

Mwaka huo huo kamati ya serikali, iliyoitwa ya Carpenter, ilipendekeza kwamba mshahara wa Mwafrika mjini umtoshe kulea familia, badala ya kumtosha kapera peke yake. Pendekezo halikutimizwa mara moja, lakini mwelekeo ulibadilika. Mitaa ya Ofafa, Mbotela, Maringo, na baadaye Jericho ilijengwa, na wake na watoto wakahamia mjini. Jiko likahamia mjini pamoja nao. Kampuni ziliona kilichotokea. Unilever ilikuwa imekwisha kushika usukani wa East African Industries mwanzoni mwa miaka ya 1950, na bidhaa zake, mafuta ya kupikia ya Kimbo na majarini ya Blue Band zikiwemo, zikamtafuta mama wa nyumba wa Kiafrika. Coca-Cola ilikuwa imeanza kujazwa kwenye chupa nchini mwaka wa 1948.

Tangazo sasa lilizungumza Kiswahili, kwa sababu ploti moja ya Kaloleni ilikuwa na Mjaluo, Mluhya, Mkamba na Mkikuyu. Lilichapishwa katika Baraza, na katika Taifa Leo lilipokuja mwaka wa 1960. Lilipakwa rangi kwenye kuta za maduka. Liliingia mitaani kwa magari ya sinema yaliyotundika turubai jeupe usiku na kuchanganya filamu na matangazo. Serikali nayo ilimgeukia mama huyo huyo. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa mwaka wa 1952 chini ya idara ya maendeleo ya jamii, ilifundisha mapishi, usafi na ushonaji. Kampuni ilimwambia mama kwamba mtoto hunawiri kwa siagi ya mkebe, na mwalimu wa serikali akamwambia mtoto hunawiri kwa maziwa na mboga. Karatasi zote mbili zilichukulia kwamba hajui kupika. Mama aliyelelewa kwa githeri, omena au mseto wa dengu alichukua alichokitaka kutoka kwa kila moja, na kilichobaki akafungia chumvi.

Kalenda na orodha ya bei

Uhuru ulipofika, barabara kuu ya Eastlands iliyoitwa Doonholm ikawa Jogoo Road, na jogoo alikuwa nembo ya KANU, chama kilichoundwa mwaka wa 1960. Jogoo pia likawa jina la unga wa mahindi wa Unga Limited. Mtoto wa Makadara aliyezaliwa miaka hiyo alikua akikutana na ndege huyo katika jina la barabara, katika nembo ya chama na juu ya pakiti ya chakula cha jioni.

Katika vyumba vya mitaa hiyo, karatasi iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa kalenda. Ilichapishwa ikiwa na picha kubwa juu, na chini yake nafasi tupu ambapo mwenye duka alipiga muhuri wa jina lake. Mteja mwaminifu alipewa Desemba. Kwa mwaka mzima ilikaa ukutani, ikiandikwa kwa kalamu siku ya kulipa kodi, siku ya kliniki, au deni la maziwa. Mwaka ulipoisha iligeuzwa upande mweupe nje na kutumiwa kujalidia vitabu vya shule. Kalenda iliyobaki nzima ikiwa na maandishi hayo ya kalamu ina thamani kuliko iliyohifadhiwa safi ghalani, kwa sababu imebeba daftari la matumizi ya nyumba ambalo hakuna mwingine aliyeliandika.

Kando ya kalenda, dukani, kulikuwa na orodha ya bei. Kwa miongo mitatu ya kwanza ya uhuru serikali iliweka bei za unga wa mahindi, mkate, maziwa na sukari, na mwenye duka aliyezidisha alishtakiwa. Shirika la ubora wa bidhaa likaundwa kwa sheria ya mwaka wa 1974, na alama yake ikaanza kuonekana kwenye pakiti. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha duka lake yenyewe, Uchumi. Pakiti ya miaka hiyo ukiisoma kwa makini ni mkataba wenye wahusika wawili. Upande wa mbele kampuni inasifu bidhaa yake. Ubavuni serikali imeandika uzito na kuweka alama ya ruhusa.

Mkebe uliogeuka kipimo

Sauti ya tatu inasikika vizuri zaidi katika mabati. Mafuta ya kupikia yaliuzwa katika mkebe wa kilo mbili, umechapishwa rangi na jina la kampuni. Mafuta yakiisha, mkebe ulienda Gikomba na masoko mengine, na huko ukawa gorogoro, kipimo cha mahindi, maharagwe na njegere. Sheria ya vipimo ilidai mizani. Soko lilichagua gorogoro, kwa kuwa kila mtu aliujua ujazo wake kwa macho, nao haukuhitaji kukarabatiwa. Mnunuzi alijifunza kutazama kitako cha mkebe, maana muuzaji mlaghai aliweza kukigonga kiingie ndani na kupunguza ujazo. Alijifunza pia kudai ujazwe mpaka uwe na mlima juu. Hivyo tangazo la mafuta lilipata kazi ambayo kampuni haikuipanga: likawa kipimo cha haki kati ya wanawake wawili waliokuwa wakibishana juu ya maharagwe.

Mikebe mingine ilikwenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali ambao Rais Moi aliwatembelea mwaka wa 1985 na kuagiza wajengewe vibanda. Huko bati lilikatwa, likakunjwa na kuchomelewa kuwa koroboi, taa ndogo ya mafuta ya taa. Jina la bidhaa lilibaki ubavuni, mara nyingi likiwa limesimama kichwa chini, na watoto wengi wa Dandora na Kayole walifanya kazi za shule kando ya herufi hizo. Vizibo vya soda vilikuwa kete za drafti. Ndiyo sababu mkusanyaji wa Eastlands hapaswi kutafuta mkebe mpya usioguswa. Mkebe uliogongwa kitako una historia mbili, ya kiwanda na ya soko.

Maziwa, mahindi ya njano, na magunia

Mwaka wa 1979 Rais Moi, aliyekuwa madarakani kwa miezi michache tu, alitangaza kwamba watoto wa shule za msingi watapewa maziwa bure. KCC, chama cha ushirika cha maziwa kilichoasisiwa na walowezi mwaka wa 1925, ndicho kilichoyasambaza. Watoto walikunywa maziwa hayo, yaliyoitwa maziwa ya Nyayo, kutoka pakiti ndogo za karatasi zenye umbo la piramidi, na mahudhurio shuleni yakaongezeka siku za maziwa. Mpango huo ulififia na kufa katika miaka ya 1990. Mamilioni ya pakiti hizo yalitumika nchini, na mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi ya Eastlands miaka hiyo anaweza kukueleza kona ilivyokatwa kwa meno. Hata hivyo kuipata pakiti moja yenyewe leo ni kazi ngumu. Kitu kilichokuwa cha kawaida kabisa ndicho ambacho hakuna aliyekihifadhi.

Kisha ukaja ukame wa 1984. Serikali iliagiza mahindi kutoka nje, mengi yakiwa ya njano, na sima ya njano ikaingia katika kumbukumbu za mji kama ladha ya mwaka huo. Nafaka ya msaada wa Marekani ilikuja katika magunia yenye nembo ya mikono miwili iliyoshikana. Gunia likiisha nafaka lilitandikwa, likashonwa, likazibia dirisha. Nembo iliyokusudiwa kumkumbusha mlaji ukarimu wa taifa la mbali ilikaa miaka mingi chini ya kitanda ikizuia baridi ya saruji.

Waliokosa pakiti

Udhibiti wa bei uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na rafu za maduka zikajaa chapa mpya za unga, maziwa na mafuta. Mtu anaweza kudhani kwamba kuanzia hapo mkusanyaji ana kazi rahisi. Kinyume chake, hapa ndipo pa kuwa mwangalifu zaidi. Kibarua anayelipwa kwa siku hanunui pakiti nzima. Hununua kwa kupima: mafuta kijiko, sukari robo, majani ya chai yaliyofungwa katika kipande cha gazeti au ukurasa wa daftari la mtoto. Nyumba yake haiachi pakiti yoyote nyuma. Tukikusanya pakiti peke yake, tutaandika historia ya Buruburu, mtaa wa watu wa mishahara uliojengwa kwa awamu tangu miaka ya 1970, na kuwasahau majirani zao vibarua wa Majengo. Kwa hiyo mkusanyo wa kweli lazima uwe na kipande cha gazeti chenye doa la mafuta, ukiambatana na maelezo ya muuza kioski kuhusu alivyokikunja na alichokipima ndani yake.

Mambo yaliendelea kubadilika upesi. Mwaka wa 2002 Unilever iliiuzia kampuni ya Bidco chapa zake za mafuta ya kupikia, Kimbo na Cowboy. Mwaka wa 2011 wanaharakati waliandamana Nairobi kudai unga wa bei nafuu, nao wakawa na mabango yao wenyewe. Mwaka wa 2012 sheria ililazimisha unga wa viwandani na mafuta ya kupikia yaongezwe virutubisho, na amri ya daktari wa serikali ikapata nafasi kwenye pakiti. Mei 2017, bei zilipopanda kabla ya uchaguzi, serikali ilifidia wasagaji, na unga wa kilo mbili ukauzwa shilingi 90 katika pakiti zilizoandikwa jina la Serikali ya Kenya. Miezi mitatu baadaye, tarehe 28 Agosti, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, na ile ya maduka makubwa ya Uchumi, Nakumatt na Tuskys iliyojaa kila nyumba ikatoweka. Julai 2022, wiki tatu kabla ya uchaguzi mwingine, unga wa fidia ulirudi kwa shilingi 100. Pakiti hizo mbili, ya 2017 na ya 2022, zikiwekwa meza moja zinafundisha siasa za chakula nchini kwa uwazi ambao hotuba nyingi hazina.

Nani akusanye?

Kwingineko kazi hii ina wenyewe. Uingereza, Robert Opie alianza mwaka wa 1963, akiwa kijana wa miaka 16, kwa kuweka karatasi ya peremende aliyokuwa amekula, na mkusanyo wake ukazaa jumba zima la makumbusho London. Kabla yake, mchapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford, John Johnson, alitumia miongo kadhaa kuokoa matangazo, tiketi na lebo, na leo zinahifadhiwa katika maktaba ya Bodleian.

Kenya ina mfano wake. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa Rais, alikusanya vitabu, sanaa na stempu kwa maisha yake yote, na sehemu kubwa ya mkusanyo huo iko katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Stempu ni karatasi ndogo ya serikali inayotumika mara moja, na hakuna anayeshangaa kuikuta hifadhini. Pakiti ya unga ya 1984 ina haki hiyo hiyo. Eastlands kwenyewe, maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo ni matawi ya maktaba ya McMillan, zimekarabatiwa katika miaka ya hivi karibuni na Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka wa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Maktaba hizo ziko katikati ya watu walionunua na kufungasha vitu ninavyovizungumzia. Hakuna mahali panapofaa zaidi kuweka mkusanyo wa aina hii.

Saa inakwenda. Nyumba za zamani za baraza la jiji zinabomolewa au zinangoja kubomolewa, na familia inayohama hutupa kwanza kilicho chini ya kitanda na kilicho juu ya kabati. Mwisho wa safari ni jaa la Dandora, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1970. Humo mna mkusanyo mkubwa kuliko wote wa karatasi za chakula za Nairobi, na kila siku unaungua.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Pakiti ifunguliwe kwa upole kwenye mshono, ikunjuliwe, ikung'utwe unga usije ukaita mende na panya, ilazwe kati ya karatasi safi, mbali na jua na unyevu. Mkebe usisuguliwe kutu mpaka rangi itoke. Bei iliyoandikwa kwa penseli na mwenye duka isifutwe. Ukuta wenye tangazo hauwezi kubebwa, basi upigwe picha pamoja na duka na njia iliyo mbele yake. Juu ya yote, kila kitu kiandikiwe kilitoka mtaa gani, mwaka gani, kilinunuliwa kwa bei gani, kilikuwa na nini ndani, na baada ya hapo kilitumika kwa kazi gani. Jina la aliyekitoa liandikwe akiridhia, na kama hataki, liachwe.

Swali hilo la kazi ambayo kitu kilitumika baadaye ndilo linalopaswa kuulizwa kwa bidii zaidi, kwa wazee ambao bado tunao Shauri Moyo, Bahati na Jerusalem. Kampuni zina kumbukumbu za zilichouza, na serikali ina kumbukumbu za ilichoamuru. Mama aliyepima maharagwe kwa mkebe wa mafuta na kulisha watoto sita kwa mshahara wa kiwandani hana hifadhi inayomngoja, na tusipoandika jinsi alivyovitumia vitu hivyo, kizazi kijacho kitasoma matangazo na kudhani hivyo ndivyo watu walivyoishi.